Brashi ya Kunyolea ya Nywele za Melesi: Huchakaa Vipi, na Ibadilishwe Lini?

Swali: Je, brashi ya nywele za melesi ina muda maalumu wa kutumika?

Jibu: Haina. Ikitunzwa vizuri hudumu kwa miaka mingi, na ikifungiwa kabatini kila siku ikiwa bado mbichi huweza kuharibika mapema mno. Nywele za melesi, mnyama wa Ulaya na Asia mwenye milia usoni, hupendwa kwa sababu hushika maji mengi na kutoa povu zito. Lakini sifa hiyo hiyo huifanya brashi ikauke polepole, hasa pale nywele zinapoingia kwenye mpini. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya brashi yake asihesabu miaka, bali aangalie shina lake, yaani hapo nywele zinapoingia kwenye mpini.

Swali: Nywele zinang'oka. Nibadilishe?

Jibu: Brashi mpya hupoteza nywele chache katika wiki za mwanzo, na hilo si tatizo. Baada ya hapo, weka unywele uliotoka juu ya kidole na uutazame. Ukiwa mfupi kuliko wenzake, umekatika, na kwa kawaida sababu ni kuikandamiza brashi usoni kwa nguvu au kuikamua kwa kuisokota. Zikitoka nzima, tena kwa mafungu, gundi imeachia au shina limeoza, na brashi hiyo haina tiba. Kisha simama penye mwanga, uzipanue nywele kwa vidole gumba na uchungulie chini kabisa. Utando mweupe au wa kijivu ni mabaki ya sabuni yaliyoungana na chokaa ya maji magumu, nao huondoka. Madoadoa meusi pamoja na harufu ya uvundo isiyokwisha hata baada ya kuosha ni ukungu, na hapo nashauri uitupe bila kusita.

Swali: Utando huo huondolewaje?

Jibu: Changanya kijiko kimoja cha siki na vijiko kumi vya maji ya uvuguvugu, loweka nywele peke yake kwa dakika chache, kisha uzioshe kwa shampuu laini na kuzisuuza mpaka maji yatoke safi. Usitumie maji yanayochemka wala dawa ya klorini, kwa maana huzifanya nywele ziwe kavu na rahisi kukatika, na joto kali hulegeza gundi. Kila baada ya kunyoa, suuza, kung'uta maji, na uiache mahali penye hewa.

Swali: Vipele vya ndevuni vinasababishwa na brashi?

Jibu: Mara nyingi sivyo. Vipele vingi baada ya kunyoa hutokana na ndevu za kujikunja zinazorudi na kuchoma ngozi, na hivyo haviondoki kwa kununua brashi nyingine. Hata hivyo, ncha zilizokatika hukwaruza, na brashi yenye bakteria huweza kuchangia vipele vya usaha kwenye vinyweleo, hasa ngozi ikiwa imechanwa na wembe.

Swali: Watu wawili wanaweza kutumia brashi moja?

Jibu: Hapana, hata wakiwa ndugu. Bakteria, fangasi na virusi vya chunjua huweza kuhama kutoka uso mmoja hadi mwingine, na brashi ya nywele haiwezi kuchemshwa kama chombo cha chuma. Kinyozi anayehudumia wateja wengi hana nafasi ya kuikausha kati ya mtu na mtu. Ni salama zaidi apake povu kwa mikono iliyooshwa.

Swali: Ni kweli kwamba brashi ziliwahi kueneza kimeta?

Jibu: Ni kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, 1914 hadi 1918, biashara ya nywele za wanyama ilivurugika, na nywele za farasi ambazo hazikuuliwa vijidudu ziliingia viwandani, nyingine zikitengenezwa zifanane na za melesi. Wanajeshi na raia wa Uingereza na Marekani waliugua kimeta, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku brashi za kunyolea kutoka Japani. Kwa kuwa spora za kimeta, yaani bakteria wake wakiwa wamejifunga ndani ya ganda gumu, huishi miaka mingi mno, brashi ya zama hizo iliyorithiwa isiguse uso wa mtu.

Swali: Nimepata maambukizi ya ngozi ya kidevu. Brashi yangu nifanyeje?

Jibu: Acha kuitumia mara moja, na usiirudie hata ukipona, kwa sababu hakuna njia ya nyumbani inayohakikisha kwamba shina limetakata. Uvimbe ukiongezeka, usaha ukienea au ukipata homa, nenda kituo cha afya, na usinyoe mpaka ngozi ifunge.