Mto Wenye Saa: Kupanga Safari ya Rafti Jinja Ukitokea Nairobi

Juzi nilikaa na akina mama wa chama kimoja cha Buruburu. Wanataka kufunga mwaka kwa kuteremka Mto Nile kwa rafti, ile mashua ya mpira ya kujazwa upepo, kule Jinja, Uganda. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia kwenye habari ya maji, mweka hazina akanikatiza: "Kwani hiyo mto iko na masaa ya kufungua, kama benki?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwambia, mama, umegonga penyewe, na pesa ya basi tusiitoe kabla hatujayajua masaa hayo.

Sisi wa Nairobi tumelelewa na rafti za Sagana. Pale Mto Tana unatii mvua. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, unafura na kugeuka rangi ya chai iliyochemka sana. Vuli unapanda tena. Februari mawe yanachomoza migongo kama viboko. Bwawa la Masinga liko chini zaidi, halituhusu. Kwa hiyo ukitazama mawingu upande wa Mlima Kenya na Aberdare, unaweza kubahatisha Jumamosi itakuwaje.

Jinja mawingu hayakuambii kitu. Maji yanatoka Ziwa Victoria, yanapita kwenye mitambo ya Nalubaale, bwawa lililofunguliwa 1954 kwa jina la Owen Falls, na ya Kiira iliyo kando yake. Kama kilomita 8 mbele yanakutana na bwawa la Bujagali, lililozinduliwa 2012. Sisi tunaingia majini chini ya hapo, yaani maji yaleyale yameshazalisha umeme mara mbili kabla hayajagusa rafti yetu. Chini zaidi kuna Isimba, la 2019, ambalo maji yake yalirudi nyuma yakameza sehemu ya mteremko tuliokuwa tukiupenda. Ukikuta maelezo ya zamani yanayokuahidi maporomoko ya Bujagali yenyewe, funga ukurasa. Yako chini ya ziwa la bwawa.

Kina cha ziwa ndicho kinachoamua maji ya msimu: likijaa, wanatoa zaidi. Mwaka 2020, lilipovuka rekodi ya 1964, mto ulishuka mnene ajabu. Lakini ndani ya siku moja, mwamuzi ni umeme. Watu wakiwasha taa na majiko jioni, mashine nyingi zaidi za bwawani huwashwa. Umeme ukitakiwa kidogo, baadhi hupumzishwa. Mto unapanda na kushuka kwa swichi ya mtu ambaye hata hajui kwamba upo.

Nililielewa hili siku moja tulipotua kwenye kisiwa kunywa chai. Kiongozi wetu, kijana mzaliwa wa kulekule Busoga, alichomeka kijiti pale ukingo wa maji ulipoishia, akaendelea kumenya ndizi yake. Chai haijapoa, kijiti kikawa kimesimama ndani ya maji, na ukingo umetambaa shibiri nzima kuelekea kwenye viatu vyetu. Juu hakukuwa na wingu hata la kufutia jasho. "Wamewasha nyingine," akasema bila kuinua kichwa, kisha akatuamuru tuinue rafti tuisogeze.

Hapo ndipo wapangaji wengi wanapoteleza. Wanauliza bwawa linaachia saa ngapi, wakati maji yanasafiri: yakiachiwa saa mbili, hayafiki kwenye poromoko la kilomita kadhaa chini saa ileile. Swali la kumuuliza kiongozi ni, "Maji yatakuwa kiasi gani kwenye poromoko letu la kwanza tukifika pale, na la mwisho je?" Anayefanya kazi yake atakuwa ameshauliza bwawani. Akikujibu "maji yapo tu, karibuni," mimi hutafuta mwingine.

Na maji mengi si lazima yawe hatari zaidi. Kuna poromoko ambalo maji yakijaa linafunikwa, linabaki mawimbi marefu ya kubembeza. Yakipungua, mwamba unajitokeza na maji yanaanza kujizungusha nyuma yake, yakikamata chochote kinachoelea. Jingine ni kinyume kabisa. Ndiyo maana namba za ugumu, 1 hadi 6, hazina maana bila kutaja kiasi cha maji. Poromoko la Itanda ni jambo lingine: sehemu yake ya juu rafti za wageni hubebwa nchi kavu, mnaingia tena chini. Akitokea mtu wa kukushawishi vinginevyo kwa sababu ya video, usimlipe.

Maji machache nayo yana adhabu yake. Katikati ya maporomoko Nile ina madimbwi mapana yaliyotulia. Mwaka mmoja nilipanga kwa akili ya Sagana, nikadhani mto utatubeba. Maji yalikuwa chini, upepo unatupiga usoni, tukapiga kasia hadi mabega yakakataa. Basi la jioni la kurudi Nairobi liliondoka tukiwa bado majini, na nauli za watu kumi na wanne nikazilipa mimi.

Tangu hapo napanga kinyumenyume: naanza na saa ya maji, narudi kwenye saa ya kifungua kinywa, narudi kwenye kitanda cha usiku uliotangulia, ndipo nafika kwenye mabasi ya River Road, Nairobi. Siwatoi watu kwenye basi la usiku nikawaweka kwenye rafti. Aliyekesha mpakani Malaba akipiga foleni hasikii amri. Mkenya anavuka kwa kitambulisho au pasipoti. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Na safari ya kurudi iwe kesho yake.

Ukipewa jaketi okozi, mwambie mwenzako aingize vidole mabegani avute juu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa, omba jingine. Kwa akina mama wa chama niliongeza: nywele za kusuka zifungwe chini ya kisogo. Zikirundikwa utosini, helmeti inakaa juu yake kama sufuria juu ya figa moja. Asiyejua kuogelea aseme mapema, hafukuzwi. Huketishwa karibu na kiongozi, na wenye kayaki za uokoaji wanaonyeshwa ni nani. Ukianguka, lala chali, miguu itangulie kuelekea maji yanakokwenda, na usisimame hata kama maji ni ya magoti. Mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi.

Kichocho kipo kwenye maji yale. Baada ya wiki sita hadi nane nenda ukapimwe, hata kama hujihisi vibaya. Dawa ipo na ni rahisi.

Mweka hazina amenitumia ujumbe asubuhi ya leo: "Masaa ya benki yametoka?" Nimemjibu bado, kiongozi wa Jinja ataniambia Alhamisi. Ameniandikia kwamba pesa anayo yeye, na hatoi hata shilingi kabla ya Alhamisi.