Mkono Unaoinuliwa Jukwaani: Dhana Potofu Kuhusu Siasa za Chuki na Vyama Vikubwa

Uchaguzi wa 2027 ungali mbele, ila mikutano imeshaanza kutujaa masikioni, Nakuru, Kisumu, Kakamega, kote. Mwisho wa kila mkutano huwa mmoja: kinara wa chama anamshika mgombea mkono, anauinua, spika zinanguruma. Wengi husema hizo ni mbwembwe tu. Mimi nadhani pale ndipo mtu ambaye jana hamkutaka kuonekana naye hugeuka kuwa mheshimiwa wenu. Hizi hapa ni dhana ninazozisikia sana, na ninavyozijibu.

Dhana: Itikadi kali ni mambo ya Al-Shabaab, vyama vyetu havihusiki.

Al-Shabaab wanayo, hilo halina ubishi. Lakini siasa inayodai kwamba jirani yako hana haki ya kuishi, kumiliki shamba au kupiga kura mahali alipo kwa sababu ya kabila lake nayo ni itikadi kali, hata msemaji akiwa amevaa suti na kulindwa na polisi wa serikali. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu hazihitaji kusimuliwa habari hiyo.

Tusivuke mpaka upande wa pili pia. Kumkemea gavana, kupinga ushuru, kudai mgao mkubwa wa fedha za kaunti, hata kwa sauti ya kukwaruza, si itikadi kali. Wanasiasa wetu hupenda kuchanganya hayo mawili ili mkosoaji aonekane mchochezi.

Dhana: Wenye siasa kali huwa na vijichama vyao. Vyama vikubwa vina wazee wenye busara.

Majirani zetu Rwanda walilipia dhana hii. Walikuwa na chama cha msimamo mkali, CDR, kilichoanzishwa 1992. Kama chuki ingebaki humo, wanasiasa wa upinzani wangeweza kuitenga. Haikubaki. Tarehe 23 Oktoba 1993, siku mbili baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Burundi, Froduald Karamira alipanda jukwaani Kigali. Hakuwa mtu wa CDR. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa MDR, chama kikubwa cha upinzani kilichokuwa kimempa Rais Habyarimana wa Rwanda wakati mgumu. Akawataka Wahutu waungane dhidi ya Watutsi, akapaza sauti ya "Hutu Power", na umati ukaitikia. Vyama vya upinzani vikapasuka: huku mrengo wa Power, huku waliokataa. Miongoni mwa waliokataa ni Agathe Uwilingiyimana, waziri mkuu aliyetoka MDR hiyo hiyo. Aliuawa 7 Aprili 1994, siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari.

Hapa kwetu haikuhitajika hata chama kidogo. Septemba 1991, mikutano ya Kapsabet na Kapkatet ya kudai majimbo, yaani mikoa yenye serikali zake, iliongozwa na mawaziri na wabunge wa KANU, chama kilichotawala. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo moto ukawaka katika shamba la Meteitei, Tinderet, si mbali na mashamba ya miwa ya Muhoroni. Ukafuata Molo, ukafuata Burnt Forest. Kufikia 1993 Human Rights Watch ilikadiria watu 1,500 wameuawa na 300,000 wamehamishwa makwao. Majimbo yenyewe hayakuwa dhambi; leo tuna kaunti 47 na tunazigombania kwa furaha. Sumu ilikuwa lile wazo lililofungwa nalo, kwamba ili jimbo liwe letu lazima wengine waondoke. Wazo hilo lingesemwa na mlevi wa kijiji lingepita. Liliposemwa na waziri, vijana walidhani wametumwa.

Dhana: Kuidhinishwa na mkubwa hakumbadilishi mtu fikra. Mwenye chuki alikuwa nayo tangu zamani.

Nusu ya kauli hii ni kweli, na ndiyo sababu inapotosha. Wanauchumi Leonardo Bursztyn, Georgy Egorov na Stefano Fiorin walifanya majaribio Marekani wakati wa uchaguzi wa 2016. Washiriki waliulizwa kama wangekubali mchango utolewe kwa niaba yao kwa shirika linalopinga wahamiaji. Waliodhani uamuzi wao ungejulikana na wengine walisitasita kuliko walioahidiwa siri. Lakini wale walioambiwa kwamba Donald Trump angeshinda katika jimbo lao hawakuona tena haja ya kujificha. Chuki haikuwa imeongezeka. Kilichopungua ni aibu.

Nami naona hivyo hivyo katika makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu. Neno ambalo mtu alimnong'oneza shemeji yake juzi, leo analiandika mbele ya watu mia mbili, tena anaweka na video ya mheshimiwa kama ushahidi. Msimamizi wa kundi naye ananyamaza, maana atamfutaje mtu anayemnukuu seneta?

Dhana: Mwacheni aingie chamani, ndani tutamdhibiti.

Franz von Papen, kansela wa zamani wa Ujerumani, alifikiri hivyo kuhusu Hitler. Katika uchaguzi wa Novemba 1932 Wanazi walikuwa wameshuka hadi asilimia 33.1. Baraza la mawaziri la 30 Januari 1933 lilikuwa na Wanazi watatu tu, Hitler mwenyewe akiwemo. Waliobaki walikuwa wahafidhina wa heshima zao, na hadi Julai vyama vyao vyote vilikuwa vimekwisha.

Dhana: Mgombea akizidisha ukali, wapiga kura watamwadhibu wenyewe.

Marekani kuna ushahidi wa hilo. Mtafiti Andrew Hall alichunguza chaguzi za Baraza la Wawakilishi, akaonyesha mwaka 2015 kwamba chama kinachompitisha mwenye msimamo mkali kwenye mchujo hupoteza kura nyingi uchaguzi mkuu ukifika. Mwaka 2022 Doug Mastriano, aliyeidhinishwa na Trump, alishinda mchujo wa Republican wa ugavana Pennsylvania, kisha Josh Shapiro akamwacha kwa karibu pointi 15.

Sasa leta mfano huo Kisumu au Uasin Gishu. Adhabu ile inawezekana kwa sababu Pennsylvania ina vyama viwili vyenye nguvu. Kwetu, katika maeneo mengi, mwenye cheti cha chama cha nyumbani ameshinda. Agosti ni kuthibitisha tu. Mwaka 2022 kazi ilikuwa imekwisha Aprili, kwenye kura za mchujo, na kuna viti ambako hata mchujo haukufanyika, tiketi ilitolewa moja kwa moja. Ukiongeza mazoea ya kupiga kura ya suti, yaani chama kimoja kuanzia juu hadi kwa MCA (mwakilishi wa wadi), utaona kwamba hakuna kichujio cha pili. Kichujio ni kinara na watu wachache anaokaa nao. Wakimpitisha mchochezi, hakuna mpiga kura atakayepata nafasi ya kweli ya kumzuia. Kwa hiyo huku kwetu neno la kinara lina uzito mkubwa kuliko huko, ingawa tafiti nyingi ni za huko.

Dhana: Sheria ipo, itawashughulikia.

Ipo, tena nzuri. Kifungu cha 91 cha Katiba kinakataza chama kueneza chuki. Sheria ya Uwiano ya 2008 inaweka faini ya hadi shilingi milioni moja, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini angalia mwendo wa mambo. Juni 2016 wabunge wanane wa Jubilee ya serikali na CORD ya upinzani, wakiwemo wa Nakuru na Busia, walilazwa katika seli za Pangani kwa tuhuma za matamshi ya chuki. Wakatoka wakihubiri urafiki, na 2017 vyama vyao vikawapa wengi wao tiketi. Januari 2022 Mithika Linturi, akiwa seneta wa Meru, alizungumzia kuondoa "madoadoa", neno la kuwabeza watu wa kabila jingine, katika mkutano wa chama cha UDA mjini Eldoret. Alikamatwa, akaomba radhi, na kinara wa UDA, William Ruto, akayalaani matamshi hayo. Mwaka huo huo alipewa tiketi ya UDA ya ugavana, akashindwa, kisha akawa waziri wa kilimo. Kutuhumiwa si kupatikana na hatia, nalikubali hilo. Ila wafuasi hawasomi hukumu za mahakama. Wanaangalia nani amepewa nini.

Chama kinaweza kufanya haraka kile ambacho mahakama huchukua miaka. Mbunge wa Uingereza Enoch Powell alipotoa hotuba yake dhidi ya wahamiaji Birmingham, 20 Aprili 1968, kiongozi wake wa Conservative, Edward Heath, alimwondoa kwenye baraza kivuli la mawaziri kesho yake.

Dhana: Basi kinara akisema, imekwisha.

Hapana. Moi, jirani yetu wa Kabarak, alimwidhinisha Uhuru Kenyatta 2002 na bado Kibaki akapata kama asilimia 62. Uhuru naye alimwidhinisha Raila Odinga 2022, na Mlima Kenya ukamgeuzia kisogo. Louisiana, 1989, Ronald Reagan na George Bush walimuunga mkono mpinzani wa David Duke, kiongozi wa zamani wa Ku Klux Klan, na Duke akashinda kiti cha bunge la jimbo hata hivyo. Mwaka 1991 alipowania ugavana, Bush alimkana tena, safari hii Warepublican wengi wakamchagua mgombea wa Democratic, na Duke akaishia na asilimia 39.

Kwa urais watu wana maoni yao, na kinara anaweza kuyakosa. Nguvu yake halisi iko chini, kwenye kiti cha MCA cha Kaptembwa au Manyatta, ambako karatasi ina majina kibao, wengi hawajulikani, na mpiga kura anatafuta nembo ya chama na ile picha ya mikono miwili iliyoinuliwa.