Skripti inapojipandisha mamlaka ndani ya kivinjari

Kila ukurasa unaoufungua, uwe wa gazeti au wa ratiba ya boti za Unguja na Pemba, huja na skripti: maagizo ya programu, mengi yake yameandikwa kwa JavaScript, lugha iliyozaliwa katika kampuni ya Netscape mwaka 1995. Kivinjari huyatekeleza papo hapo bila kukuuliza. Hilo si kosa, maana bila skripti fomu isingejumlisha nauli. Cha kutazama ni kwamba skripti inafanya kazi kwa mamlaka ya nani.

Mamlaka ndani ya kivinjari yana daraja. La chini ni la kurasa. Hapo skripti husoma vitu vya tovuti ilikotoka tu. Mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni Jambiani anaweza kufungua benki na tovuti ya matangazo kwa pamoja, na skripti ya matangazo isione salio lake. Daraja la juu ni la kivinjari chenyewe: mipangilio, nywila ulizohifadhi, faili za kompyuta. Katika Firefox, kivinjari cha Mozilla, sehemu kubwa ya daraja hilo nayo imeandikwa kwa JavaScript ile ile, na hapo ndipo mambo yanapochanganyika.

Kupanda mamlaka ni pale skripti ya chini inapofanikiwa kufanya jambo kwa jina la daraja la juu. Mara nyingi haivunji chochote. Mgeni aliyekaribishwa barazani hana haja ya kuvunja mlango iwapo mtoto wa nyumba yupo: anamwambia, "Baba kasema ulete ule mkoba wa kabatini," na mtoto, ambaye hakuna chumba asichoingia, anauleta. Msimbo wenye mamlaka hudanganywa hivyo hivyo. Hupokea kitu kutoka kwenye ukurasa, hukiamini, kisha hukitekeleza kwa ruhusa zake wenyewe.

Agosti 2015 lilitokea la aina hiyo. Tangazo kwenye tovuti moja ya habari ya Urusi lilitumia udhaifu wa kisomaji cha PDF kilichomo ndani ya Firefox, likapenyeza skripti mpaka kwenye faili za kompyuta. Kwenye Windows ilisaka mipangilio ya FileZilla, programu ya kuhamishia faili, na kwenye Linux funguo za SSH, zinazotumika kuingia kompyuta nyingine kwa mbali, ikavipeleka kwenye seva ya mbali bila kuacha alama. Aliyeibiwa hakubofya kitu. Alisoma habari tu. Mozilla ikaziba kwa toleo la 39.0.3. Firefox ya Android ilisalimika kwa sababu haikuwa na kisomaji hicho.

Viongezi, yaani programu ndogo unazoziongeza kwenye kivinjari, navyo vilikuwa mlango mpana: hadi Firefox 57 ya Novemba 2017, vingi vilifanya kazi kwa mamlaka karibu sawa na ya kivinjari. Sasa huorodhesha ruhusa vinazoomba, ingawa watu hubofya "kubali" bila kusoma.

Kinga nyingine ni kuufungia ukurasa mahali ambapo, hata ukidanganya, hauyafikii mafaili. Chrome, kivinjari cha Google, ilitoka na utaratibu huo mwaka 2008. Mshambuliaji sasa huhitaji udhaifu zaidi ya mmoja, na udhaifu huzibwa kwa matoleo mapya. Ndiyo maana kompyuta ya Windows 7 inayoendelea kuchapisha fomu za wateja dukani ina shida yake: Chrome 109, ya Januari 2023, ndiyo ya mwisho inayoukubali mfumo huo. Akaunti ya benki isifunguliwe humo.