Mtego wa Seli Si Kifumbu

Wiki iliyopita nililetewa mchoro wa chipu ya kunasia seli, yaani kibao kidogo chenye mifereji myembamba ya maji, ukiwa na swali ambalo nimeshaacha kuhesabu mara nilizoulizwa: seli zinaipita mitego bila kunaswa, je, tuyabane matundu kwa kiasi gani? Muulizaji ni mtafiti makini, mchoro wake ulikuwa safi, nami nilimjibu kwa upole. Upole huo umeniishia, kwa hiyo nitalieleza jambo hili hapa mara moja kwa urefu wake, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza kwenye ukurasa huu.

Imani inayonichosha ni kwamba mtego wa seli hufanya kazi kama kifumbu cha tui: kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki, kilicho kidogo hupita, na anayetaka kunasa zaidi hana budi kubana matundu. Imani hiyo si uongo mtupu. Shingo ya mtego, yaani tundu lake la kutokea maji, ni lazima iwe nyembamba kuliko seli, la sivyo seli itapenya na kwenda zake. Lakini hilo linahusu seli ambayo tayari imeshafika mdomoni mwa mtego, na halielezi hata kidogo kwa nini ifike hapo badala ya kushika njia nyingine. Tui ndani ya kifumbu halina njia nyingine. Ndani ya chipu njia nyingine ipo, tena tumeichonga sisi wenyewe kwa makusudi.

Chukueni muundo uliochapishwa mwaka 2007 na Wei-Heong Tan na Shoji Takeuchi wa Chuo Kikuu cha Tokyo, ambao wengi wetu tumeunakili kwa namna moja au nyingine. Mfereji mkuu hupinda kama nyoka, na katika kila pindo kuna njia ya mkato iliyonyooka, yenye mfuko mdogo unaoishia kwenye shingo nyembamba. Ushanga (kipira kidogo cha plastiki kinachotumika badala ya seli) au seli ikifika kwenye njiapanda huvutwa na upande unaobeba maji mengi zaidi. Mfuko ukiwa mtupu, maji mengi hukata kupitia mkato, na ushanga huingia nayo. Ukishakaa mfukoni huwa kizibo: ukinzani wa mkato, yaani ugumu wa maji kupita humo, hupanda, maji mengi hugeukia pindo, na ushanga unaofuata hupita pembeni kwenda kutafuta mfuko ulio wazi mbele. Kwa hiyo mtego huu hujifunga wenyewe baada ya kupata mgeni wake mmoja. Niliwahi kuulizwa kama yale mapindo ni urembo. Hapana, mapindo ndiyo mtego wenyewe. Yakinyooshwa, mfuko hubaki kuwa shimo tu.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hapa ndipo kifumbu kinapovunjika. Tuseme mfereji mkuu una upana wa mikroni 25 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kina cha mikroni 20, na shingo ina upana wa mikroni 6 kwa kina kile kile. Katika mfereji wa mstatili, ukinzani hukua sawia na urefu, lakini kipimo kidogo kati ya upana na kina huingia kwenye kigawanyo kikiwa kimepandishwa kwa kipeo cha tatu. Ukiitumia kanuni ya kawaida pamoja na sahihisho lake la kuta, utaona kwamba shingo yenye urefu wa mikroni 10 tu ina ukinzani sawa na wa mfereji mkuu wenye urefu wa mikroni 283. Pindo lenye urefu wa mikroni 400 litakuwa na ukinzani mkubwa kuliko mkato, maji ya mkato yatakuwa takriban mara 1.4 ya maji ya pindo, na mtego utanasa. Nimeacha kando ukinzani wa mfuko wenyewe, ambao ni mdogo.

Haya, mfuate mshauri wa kifumbu uibane shingo kutoka mikroni 6 hadi 5. Ile mikroni 10 ya shingo sasa ni sawa na mikroni 471 za mfereji mkuu. Pindo lako ni lile lile la mikroni 400. Uwiano wa maji ya mkato kwa maji ya pindo umeshuka hadi 0.85, maji mengi yanapita kwenye pindo hata mfuko ukiwa mtupu, na seli zinayafuata. Umepunguza tundu kwa mikroni moja, ukapata mitego isiyonasa. Mleta mchoro wa wiki iliyopita alikuwa tayari amebana mara mbili, na kila alipobana hali ilizidi kuwa mbaya, naye akahitimisha kwamba bado hajabana vya kutosha.

Ushauri wa pili unaonikera ni ule wa kuongeza nguvu ya pampu. Mkato na pindo huanzia njiapanda moja na kuishia njiapanda moja, kwa hiyo tofauti ya shinikizo kati ya ncha zake ni ile ile kwa zote mbili. Ukiongeza shinikizo maradufu, mtiririko wa kila njia huongezeka maradufu, na uwiano hubaki ulivyokuwa. Kinachobadilika ni mateso ya seli zilizokwisha kunaswa, ambazo sasa zinakamuliwa kupitia shingo. Seli si ushanga wa plastiki. Chembe nyekundu ya damu yenye kipenyo cha mikroni 7 hadi 8 hujipenyeza kila siku kwenye nyufa za wengu zilizo nyembamba kuliko yenyewe mara kadhaa, na haiwezi kuiheshimu shingo yako ya mikroni 6 kwa sababu tu umeichora vizuri kwenye kompyuta.

Wapo wanaosema tuachane na mitego, tutumie matone ya maji ndani ya mafuta, kila seli ifungiwe ndani ya tone lake. Matone ni mazuri pale mtu anapohitaji seli maelfu kwa maelfu, lakini mjazo wake huendeshwa na bahati. Ukipunguza msongamano hadi wastani wa seli 0.1 kwa kila tone, takriban matone 90 katika kila 100 yatakuwa matupu, 9 yatakuwa na seli moja, na katika kila 1,000 karibu 5 yatakuwa na seli mbili au zaidi. Tone halijui kama lina seli ndani, ilhali mtego, kwa namna yake, unajua. Zaidi ya hayo, seli iliyo mtegoni unaweza kuirudia kwa darubini kesho ukaikuta pale pale.

Hata hivyo, sitaki mtu aziamini namba zangu kupita kiasi. Kanuni niliyotumia huchukulia mfereji mrefu ambamo mtiririko umeshatulia, na shingo yenye urefu wa mikroni 10 kwa upana wa mikroni 6 haistahili kuitwa ndefu. Maji hulipa ushuru wa ziada yanapoingia na kutoka, kwa hiyo ile 283 ni makadirio ya chini. Nimesema pia kwamba uwiano hautegemei shinikizo, nami nasimama hapo, isipokuwa kwamba silikoni tunayomiminia kalibu ni laini na hufutuka inaposukumwa, na mfereji mpana hufutuka kuliko shingo nyembamba. Kwa pampu ya upole tofauti hiyo naipuuza. Uwiano unapokaribia 1 hesabu huwa kama bahati nasibu, kwa kuwa seli ina unene na inakoelekea hutegemea pia iko upande gani wa mfereji inapofika njiapanda. Nimeona chipu yenye uwiano wa 1.4 kwenye karatasi ikiacha robo ya mifuko wazi, na siku hiyo lawama zote nilizitupia viputo vya hewa, jambo ambalo hufanywa na kila mtu katika kazi hii. Tan na Takeuchi walivigeuza viputo kuwa watumishi: walipasha moto vipande vya alumini kwa leza ili kiputo kiusukume ushanga nje ya mfuko. Mimi vinanitumikia kama kisingizio.

Linaloninyima usingizi zaidi ni uteuzi. Seli haizibi shingo kikamilifu kama ushanga. Maji kidogo huvuja pembeni yake, na mara nyingine huleta ya pili ikaegemea ya kwanza. Zile laini hupenya, zile ngumu na kubwa hubaki. Kisha tunapima ugumu na ukubwa wa zilizobaki, tunachora jedwali, na kuliita picha ya sampuli nzima. Siku hizi nazikusanya pia zile zilizotoka mkondo wa chini, nazipima kando, na mara mbili wastani wake umetofautiana vya kutosha kunifanya nisitume matokeo.

Kwa hiyo anayetaka kuniletea mchoro aniletee pia urefu wa pindo, na upana wa shingo uliopimwa kwa darubini kwenye silikoni iliyokwisha kukauka. Upana ulio kwenye mchoro hautoshi, kwa maana kilichochorwa mikroni 6 nimeshakikuta kikiwa 5, na tumeona mikroni moja inavyoweza kufanya.