Ufuate kwanza, usikate

Wanafunzi wa udaktari wakiingia chumba cha anatomia mara ya kwanza, macho yanawachoma kwa formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, na mikono inakimbilia kisu. Ngozi ya shingo ikishafunuliwa, kisu nawanyang'anya. Kuanzia hapo ni kibano na mkasi wa ncha butu: uingize ukiwa umefungwa, uufungue taratibu, nyama laini iachane yenyewe.

Naanza na shingo kwa sababu mimi ni daktari wa upasuaji na nimetoa marovu mengi, yaani tezi za shingo zilizovimba. Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania rovu lilikuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi, kwa kuwa udongo na maji ya huko yana madini joto kidogo. Chumvi yenye madini joto imesaidia sana, lakini wagonjwa bado wanakuja, na nyuma ya tezi ile iliyovimba imejificha neva inayobeba sauti ya mtu.

Safari ya neva hii ni ya ajabu. Inachipuka kwenye neva kubwa ya vagasi inayoshuka kutoka kichwani. Upande wa kushoto inateremka mpaka kifuani, inazunguka chini ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ndipo inapanda tena. Upande wa kulia inazunguka ateri ya subklavia, mshipa wa damu uendao mkononi. Inapopanda hupita karibu na mfereji ulio kati ya bomba la hewa na umio, kisha inaingia kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Ikikatwa moja, sauti inakwaruza. Zikikatwa zote mbili, nyuzi za sauti zinaweza kusogeleana hadi mgonjwa akose hewa, na itabidi tumtoboe koo apumue.

Kitabu huchora njia moja. Mezani utakuta neva imepita mbele ya ateri ya chini ya tezi, maiti wa jirani imepita nyuma, wa tatu imejipenyeza katikati ya matawi. Kuna watu wachache ambao ile ya kulia haizunguki ateri kabisa, kwa sababu ateri yao ya subklavia imeota mahali pengine na kupita nyuma ya umio. Ndiyo maana nawazungusha wanafunzi meza zote.

Juzi binti mmoja alikuwa ameshika kiuzi cheupe kwa kibano.

"Dokta, huu si utando tu? Nikate?"

"Ufuate kwanza, mwanangu."

Akaufuata, milimita kwa milimita, karibu nusu saa, mpaka ukazama kwenye zoloto. Akaweka mkasi chini, akawaita wenzake.

Nikawaambia pia kile ambacho maiti hawezi kuwaonyesha. Hapa kila kitu kina rangi ya kahawia na ateri hazipigi. Kwa mgonjwa aliye hai, tone moja la damu linatosha kuificha neva ile, na mkono wenye hofu hubana kibano mahali usipopaona. Kandamiza kwa chachi, subiri, tazama tena.

Wengi wanaolala kwenye meza zetu hawakuchukuliwa na ndugu kutoka mochwari. Hawakutupa ruhusa kwa midomo yao, na hilo linanielemea kila muhula. Kwa hiyo hakuna anayetoka kabla ya kurudisha mwili ulivyokuwa. Binti yule alilaza ngozi juu ya shingo, akaloanisha kitambaa ili tishu zisikauke, akamfunika mpaka kidevuni, kisha uso.