Sindano ya Virusi kwa Melanoma: Plasta Isibanduke, Ratiba Isirukwe

Maswali kuhusu Imlygic, dawa iliyotengenezwa kwa virusi ili kutibu melanoma (aina ya saratani ya ngozi), iliyoidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2015, yanazidi kuingia kwenye famasi yetu ya saratani, na mengi ni ya plasta. Tuanze na hiyo.

Kila uvimbe uliodungwa ufunikwe kwa plasta isiyopitisha maji wala hewa kwa angalau wiki 1 baada ya kila sindano, au zaidi ikiwa bado unatoa majimaji. Ikilegea, ibadilishwe papo hapo. Anayebadilisha avae glavu, kisha plasta, pamba na glavu hizo zitiwe kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa barabara kabla ya kutupwa. Mjamzito au mwenye kinga dhaifu asiifanye kazi hii. Mgonjwa naye asikune kidonda akagusa jicho.

Tahadhari yote hiyo ni kwa sababu virusi hivi vi hai. Asili yake ni hapesi aina ya kwanza, ile ya malengelenge ya mdomo. Vimetolewa jeni zinazovisaidia kushambulia neva na kujificha dhidi ya kinga, vikapewa jeni ya binadamu inayoziita seli za kinga kwenye uvimbe. Ndiyo maana anayemeza asikloviri, dawa ya kuzuia hapesi, bila kumwambia daktari anaweza kuwa anaizima tiba yake mwenyewe.

Dozi ya kwanza ina vizio (kipimo cha wingi wa virusi hai) milioni 1 kwa mililita. Baada ya wiki 3 huja ya vizio milioni 100 kwa mililita, kisha hiyo hiyo kila wiki 2. Kutuomba tuanze na kubwa hakusaidii: ile ndogo huupa mwili ambao haujawahi kukutana na hapesi nafasi ya kujenga kinga. Kwa siku moja hatuzidishi mililita 4 kwa vivimbe vyote. Uvimbe usiozidi nusu sentimita hupata hadi mililita 0.1 tu. Dawa hukaa kwenye friza ya nyuzi -90 hadi -70, huyeyushwa kwa dakika 30 hivi, na haigandishwi tena. Ukichelewa, piga simu kabla hatujaitoa.

Na hii si dawa ya kila saratani, tafadhali. Ni ya melanoma isiyoweza kuondolewa yote kwa upasuaji, kwenye vivimbe vya ngozi au mitoki inayofikiwa na sindano. Haijaonyeshwa kutibu iliyofika kwenye ini au mapafu. Katika utafiti wa wagonjwa 436, asilimia 16.3 walipata nafuu iliyodumu miezi 6 au zaidi, dhidi ya 2.1 ya kundi la kulinganisha. Wanaodai mtu mweusi hapati melanoma wakague nyayo, viganja na chini ya kucha.

Homa, baridi na uchovu baada ya sindano ni kawaida. Uvimbe ukikua, au mwingine ukachomoza miezi ya mwanzo, usiache kuja: tiba huendelea angalau miezi 6, isipokuwa daktari aamue kubadilisha.