Si Mota: Dhana Potofu Kuhusu Vichwa Vidogo vya Treni ya Mvuke

"Kinashtukashtuka. Mota imekufa, nibadilishie." Kauli hii imewapotezea wenye treni ndogo za mfano, zile zinazoendeshwa kwa umeme wa reli, fedha nyingi bure. Mota ya kichwa cha skeli ya HO (1:87, yaani kila kipimo cha treni halisi kimegawanywa kwa 87) haifi kirahisi. Kinachoharibika mara nyingi ni njia ya umeme kuifikia, au vyuma na gia inazozizungusha, na kila kasoro ina dalili yake. Tafadhali, pima kabla ya kununua.

Kilaze kichwa chali juu ya sponji. Gusisha nyaya mbili za kidhibiti kwenye magurudumu, mmoja upande wa kulia na mwingine wa kushoto, kisha panda taratibu hadi volti 3 au 4. Magurudumu yakizunguka sawasawa hapo, lakini ukikirudisha relini kinasimama mpaka ukisukume kwa kidole, mota haihusiki kabisa. Umeme haufiki. Tandaza tishu juu ya reli, ilowanishe spiriti, weka magurudumu ya mbele juu ya tishu na ya nyuma kwenye reli tupu, kisha washa huku umekishikilia: yatajifuta yenyewe. Geuza, rudia mpaka tishu ibaki nyeupe. Msasa usiuguse, maana mikwaruzo yake ndiyo inayokamata uchafu unaofuata. Baada ya hapo chungulia vibati vya kuchukulia umeme nyuma ya magurudumu. Sukuma ekseli mpaka mwisho wa uchezaji wake, kulia kisha kushoto; kibati kisiachane na gurudumu hata mara moja. Kiguse kwa wepesi tu, kikikandamiza kinakuwa breki.

Kama kinakwama hata kikiwa chali, hesabu. Kukwama mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tena mahali palepale, kunaelekeza kwenye fimbo za pembeni zinazounganisha magurudumu. Pini za upande wa kulia na wa kushoto hupangwa zikipishana kwa nyuzi 90, na gurudumu moja likiteleza kidogo juu ya ekseli yake, fimbo hukaza sehemu hiyo kila linapopita. Watu huhangaika kutafuta nyuzi 90 kamili. Si lazima ziwe 90 kamili. Lazima ekseli zote zilingane. Fungua fimbo, jaribu tena. Kikienda laini, umepata ugonjwa. Kikiendelea kugonga "tik" kila mzunguko, tazama kwa lenzi gia ya plastiki iliyobanwa kwenye ekseli: mara nyingi imepasuka kati ya meno mawili, ufa mwembamba kama unywele. Gia hiyo ni ya bei ndogo sana ukilinganisha na mota. Ni pale tu utakapoichomoa mota kutoka kwenye gia zake, ukaiwasha peke yake, ikasuasua au ikapata moto bila mzigo wowote, ndipo uilaumu.

"Kinakimbia sana, kwa hiyo ni kizima." Mwendo wa kasi huficha karibu kila kasoro niliyoitaja hapo juu. Ubora hupimwa kwa kutambaa. Pima mita moja ya reli, shika saa. Kwa HO, kilomita 60 kwa saa ni mita hiyo moja kwa sekunde 5.2, kilomita 10 kwa saa ni sekunde 31. Kichwa kizuri humaliza hizo sekunde 31 bila kusita, mbele na nyuma, na kwenye njiapanda ya reli pia. Kikisita kwenye njiapanda tu, pima kwa kalipa nafasi ya ndani kati ya gurudumu na gurudumu: kwa HO iwe karibu milimita 14.4.

"Kizito ndicho kinachovuta." Unaohesabika ni uzito ulio juu ya magurudumu yanayozungushwa. Kichwa cha 4-6-2 (magurudumu manne madogo mbele, sita makubwa yanayozungushwa, mawili madogo nyuma) kisimamishe juu ya penseli chini ya ekseli ya katikati ya yale sita. Kikiangukia nyuma, uzito wa madini ya risasi uongezwe mbele, ndani ya boila. Ukiujaza kwenye kibanda cha dereva unazidi kuyapunguzia mzigo magurudumu ya mbele. Mipira ya kuzuia kuteleza husaidia kuvuta, ila gurudumu lenye mpira halichukui umeme.

Sasa sura. Wengi husogeza macho karibu, wakahesabu ribiti (pini zenye vichwa vya mviringo zinazounganisha mabati), wakasema huu ndio uhalisia. Ribiti yenye kichwa cha milimita 25 inatakiwa iwe milimita 0.29 kwenye 1:87. Iliyochongwa milimita 0.5 ni sawa na ribiti ya milimita 43.5 kwenye treni halisi, kubwa kuliko kifuniko cha chupa ya maji. Afadhali zisiwepo. Rudi nyuma hatua moja, utazame kimo cha boila, ukubwa wa magurudumu, dohani, na pengo kati ya kichwa na behewa la makaa.

Mfano ulio karibu nasi ni Garratt (vichwa vya mvuke vyenye boila katikati na seti mbili za magurudumu, mbele na nyuma) za daraja la 59, zile 34 zilizojengwa na Beyer, Peacock mjini Manchester miaka ya 1955 na 1956 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima. Ukitembelea makumbusho ya reli Nairobi, simama mbele ya 5918 Mount Gelai: mwili mpana mno juu ya reli nyembamba ya mita moja. Huo ndio uzuri wake wote. Ukiiona ya 1:87 imewekwa juu ya reli ya milimita 16.5, zidisha kwa 87, unapata 1,435, yaani upana wa SGR. Uzuri umeondoka, hata ribiti zingekuwa kamili. Reli inayoifaa ni ya milimita 12.

Na oili? "Ongeza, itakuwa laini." Hapana. Tone la ncha ya sindano kwenye kila ekseli, grisi kidogo kwenye gia, oili isiyodhuru plastiki. Ikizidi hufika kwenye magurudumu, kichwa kinateleza na kukusanya vumbi, kisha utarudi kuniambia mota imekufa.